Kumsaka bobukati kwa mbwa: kazi iko kwenye theluji kabla mbwa hajafunguliwa

Mtu akisikia kwamba wasasi wa kaskazini mwa Marekani humwinda bobukati, paka-mwitu wa huko, kwa mbwa, huwaza kundi linalobweka, paka aliyepanda mti na bunduki chini yake. Hayo yapo, ila ni ya mwisho, na mara nyingi ndiyo rahisi. Siku huamuliwa alfajiri, mbwa wakiwa bado ndani ya sanduku nyuma ya gari na msasi akitazama chini: theluji ilikoma kuanguka saa ngapi, unyayo huu ni wa nani, umepita muda gani, na mwenyewe kaelekea wapi. Akikosea hapo, hata mbwa wa bei kubwa watashinda kutwa wakizungukazunguka kwenye kinamasi bila kumwona paka.

Bobukati, ambaye wataalamu humwita Lynx rufus, anapatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi Oaxaca nchini Mexico. Kwa uzito hayuko mbali na mondo wa Afrika: madume wengi wana kilo 8 hadi 14, majike 5 hadi 10, na dume mkubwa wa kaskazini anaweza kufika 18. Miguu yake ni mifupi kuliko ya mondo, manyoya ni mazito, na mkia ni kipande tu cha sentimita 10 hadi 15. Si mnyama adimu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yaliweka idadi yake nchini Marekani kati ya milioni 2.3 na 3.6.

Adimu ni binamu yake, linksi wa Kanada, ambaye tangu mwaka 2000 analindwa na sheria ya serikali kuu katika eneo la majimbo 48 yaliyoungana kwa ardhi. Wawili hawa hukutana Maine, kaskazini mwa Minnesota na kwenye milima ya magharibi kama Montana. Msasi wa maeneo hayo asiyejua kuwatofautisha asifungue mbwa. Ncha ya mkia wa linksi ni nyeusi pande zote, kana kwamba imechovywa kwenye wino. Ya bobukati ni nyeusi juu na nyeupe chini. Linksi ana miguu mirefu, nyayo pana zilizojaa manyoya na vishungi virefu masikioni. Mkia utauona paka akiwa mtini, lakini nyayo unaweza kuzisoma mapema zaidi, na nitazirudia.

Theluji ya macho na theluji ya pua

Theluji hufanya kazi mbili, na kazi hizo hazipatani kila mara. Moja ni ya macho ya mtu: inaonyesha nani kapita. Nyingine ni ya pua ya mbwa: inashika harufu, au inaizuia. Asubuhi nzuri kwa macho inaweza kuwa mbaya kabisa kwa pua, na wengi wanaoanza hushangaa mbona wamesimama juu ya unyayo safi na mbwa hawasemi kitu.

Kwa macho, theluji bora ni ile iliyoanguka sentimita 5 hadi 10 na kukoma kabla ya saa sita usiku. Hapo ukurasa ni mweupe, na kila unyayo unaouona alfajiri una umri usiozidi saa zile chache. Ikikoma saa kumi na moja alfajiri, hakuna cha kusoma. Na hata ikikoma mapema, bobukati hupenda kujilaza wakati wa dhoruba, pengine chini ya mwerezi uliolala au kwenye ufa wa mwamba, asitoke hadi usiku wa pili. Ndiyo maana asubuhi ya pili baada ya theluji kubwa mara nyingi huwa na nyayo nyingi kuliko ya kwanza. Zikipita siku nne au tano bila theluji mpya, nyayo za usiku mbalimbali hupandana na mtu hajui aanze na upi.

Kwa pua, suala ni joto na unyevu. Harufu husafiri hewani kama mvuke, na baridi kali huibana isipae. Kati ya nyuzi sifuri na nyuzi 8 hivi chini ya sifuri za Selsiasi, hewa ikiwa tulivu na mawingu yametanda, mbwa hufanya kazi wakiwa wameinua vichwa. Ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na theluji ikawa kavu kama unga, mbwa hulazimika kuchomeka pua katika kila unyayo, na mwendo wa saa moja unakuwa wa saa tatu. Jua la adhuhuri nalo ni tatizo. Linayeyusha uso wa theluji, harufu inapaa na kutawanyika, kisha jioni maji yale yanaganda na kuziba kilichobaki.

Mbaya kuliko zote ni theluji yenye ganda la barafu juu. Paka wa kilo 10 hupita juu yake bila kuacha alama ya maana. Mbwa wa kilo 28 hutumbukia kila hatua na ganda linamkata nyayo kama kigae. Siku ya namna hiyo ni ya kubaki nyumbani. Watu hubishana kuhusu hili, hasa wale waliosafiri kilomita mia tatu kuja msituni, lakini mbwa aliyechanika nyayo hukosa wiki mbili au tatu za msimu ambao wenyewe ni mfupi.

Theluji ya kina, zaidi ya sentimita 40, humtesa bobukati mwenyewe. Nyayo zake ni ndogo kulinganisha na uzito wake, hivyo huzama hadi tumboni pale ambapo linksi angeteleza juu. Kwa hiyo hufuata magogo, njia za kulungu na njia za pikipiki za theluji. Ukijua hilo unajua pa kumtafutia. Unajua pia kwamba mnyama huyo anatumia nguvu nyingi kupata chakula kidogo, na kumkimbiza kutwa nzima wakati huo si mchezo kwake.

Unyayo

Unyayo wa bobukati ni wa mviringo, upana wa sentimita 4.5 hadi 5.5, vidole vinne, bila alama za kucha kwa sababu paka hutembea amezirudisha ndani. Kinundu kikubwa cha nyuma kina migongo miwili upande wa mbele na mitatu upande wa nyuma. Unyayo wa koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa anayechanganywa naye zaidi, ni mrefu kuliko upana, kucha mbili za katikati huonekana, na ukivuta mistari kati ya vidole na kinundu unapata alama ya X. Paka akitembea kawaida huweka mguu wa nyuma ndani ya alama ya mguu wa mbele, kwa hiyo mstari wake ni mwembamba na safi, kama wa mnyama mwenye miguu miwili. Unyayo wa linksi ni mkubwa sana, sentimita 8 hadi 10, na umefifia pembeni kwa sababu ya manyoya. Ukiwa na shaka, fuata mstari huo mita mia kwa miguu. Utapata mahali alipopita chini ya mti penye theluji haba, na pale alama itakuwa wazi.

Umri wa unyayo ni mgumu kuliko utambulisho wake. Theluji iliyokanyagwa hubanana, kisha chembe zake hushikana na kuwa ngumu kadiri saa zinavyopita. Weka kidole ukingoni: ukibomoka kama unga, ni wa karibuni, ukikatika kama kipande cha mkate mkavu, umekaa usiku. Chembe za umande ulioganda zikiwa zimeota ndani ya alama, paka huyo alipita kabla ya baridi ya alfajiri. Njia bora kuliko zote ni kukanyaga kando ya unyayo kwa kiatu chako, kuendelea na shughuli, na kurudi baada ya saa moja kulinganisha. Baada ya msimu mmoja wa kufanya hivyo jicho linazoea. Baridi na unyevu vya siku ile hubadilisha kila kitu, kwa hiyo kipimo cha jana kisitumike leo.

Halafu kuna swali la nani. Bobukati hupandana zaidi kuanzia Januari au Februari hadi Machi, mimba huchukua siku 62 hivi, na watoto, kwa kawaida wawili hadi wanne, hubaki na mama majira ya baridi ya kwanza. Ukiona mistari miwili au mitatu inayotengana na kukutana tena, mmoja mkubwa kidogo kuliko mingine, hiyo ni familia. Iache. Mstari mmoja wa unyayo mpana unaokwenda moja kwa moja kilomita kadhaa mwezi Februari bila kusimama penye sungura, huyo huenda ni dume anayetafuta jike. Nasema huenda. Anayedai kwamba anajua jinsia kwa unyayo peke yake anajisifu tu.

Kuzunguka kitalu

Hii ndiyo hatua ambayo wageni huiruka, na ndiyo inayookoa siku. Kaskazini mwa Wisconsin na Michigan msitu umekatwakatwa na barabara za magogo kuwa vitalu. Msasi huendesha gari polepole, kilomita 10 hadi 15 kwa saa, akitazama kingo zote mbili. Akipata unyayo unaoingia msituni upande mmoja, hafungui mbwa. Anazunguka kitalu chote kwa barabara hadi arudi alipoanzia, akihesabu nyayo zinazoingia na zinazotoka. Paka akiwa ametoka upande wa pili, msasi anahamia kitalu kinachofuata na kuanza upya. Akizunguka asipate pa kutokea, paka yumo ndani.

Faida yake ni kwamba unyayo wenye umri wa saa kumi unaweza kugeuka kuwa wenye umri wa saa mbili bila mbwa kuchoka. Kwa usiku mmoja paka anaweza kutembea kilomita nyingi, akiwinda sungura wa theluji kwenye vichaka vya mierezi na misonobari michanga, kisha kulala mahali pasipo mbali na mawindo yake ya mwisho. Mbwa wanaofunguliwa mwanzoni mwa safari hiyo wanalazimika kufumua kila kona aliyoikata usiku kucha. Wanaofunguliwa karibu na alipolala huenda wakamkurupusha ndani ya dakika ishirini.

Mahali pasipo na barabara, kazi hiyo hiyo hufanywa kwa miguu, kwa viatu vya theluji, vile vipana visivyozama. Inachosha, na ndiyo maana wengi wanaishia kufungua mbwa mapema.

Mbwa wa namna gani

Koo zinazotumika sana ni Treeing Walker Coonhound, Bluetick, Plott, Redbone na Black and Tan. Hizi zimezalishwa kwa vizazi vingi ili mbwa amfuate mnyama kwa pua, ampandishe mtini na abaki pale akibweka hadi mwenyewe afike. Kuna upande mwingine wa mbwa wa kuwindia mbweha, kama Running Walker, July na Trigg, wenye kasi na moyo wa kukimbia, lakini wengi wao hawana hamu ya kukaa chini ya mti. Kwenye vinamasi vya kaskazini ambako paka hukataa kupanda mti akiona bado ana nafasi ya kukwepa, wapo wanaochanganya damu hizi ili wapate kasi na ung'ang'anizi kwa pamoja.

Mbwa hodari wa dubu au wa rakuni, mnyama mdogo wa Amerika anayepanda miti, si lazima awe hodari wa bobukati. Dubu huacha harufu nzito na hukimbia kwa mstari. Rakuni hupanda mti wa karibu. Bobukati huacha harufu hafifu, hutembea kwa mikato, husimama, hurudi, hupita juu ya gogo. Mbwa mwenye pupa hupitiliza pale paka alipokata kona, na mita mia mbili mbele anagundua hana kitu. Anayetakiwa ni yule anayepunguza mwendo mwenyewe harufu inapopungua. Kasi bila akili hiyo ni hasara.

Kuna kosa la tabia ambalo wafugaji wazoefu hawalisamehi: mbwa anayebweka pasipo harufu. Wenzake huamini sauti yake, huacha walichokuwa nacho na kumkimbilia, na mstari uliokuwa hai unakufa. Mbwa mmoja wa aina hiyo huharibu kundi zima, hata akiwa na pua nzuri kuliko wote. Kwa sababu hiyo hiyo kundi dogo hufaa zaidi. Wawili hadi wanne wanatosha. Sita wanaongeza kelele na kukanyaga nyayo.

Mafunzo huanza mtoto wa mbwa akiwa na miezi mitatu hadi mitano, kwa kuchezea kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye kamba. Miezi sita hadi minane ni ya kuzoea msitu, gari, kufungwa na, kuliko yote, kurudi anapoitwa. Majira ya baridi ya kwanza hufunguliwa pamoja na mbwa mmoja mzee anayeaminika. Ukimtia katika kundi la watano hujifunza kuwakimbilia wenzake, si kunusa. Wafugaji wengi huhesabu majira matatu kabla ya kumwita mbwa kuwa amekomaa kwa paka, na wengi hawafiki kamwe.

Tatizo kubwa la mafunzo ni kulungu wa mkia mweupe. Wakati wa baridi kulungu hukusanyika kwenye vinamasi vya mierezi kujikinga na upepo, na huko huko ndiko kuna sungura, kwa hiyo ndiko alipo bobukati. Mbwa anapita katikati ya harufu kali za kulungu akitafuta harufu hafifu ya paka. Kulungu wakati huo wanaishi kwa mafuta ya mwilini, na kukimbizwa kunaweza kuwaua. Katika majimbo kadhaa sheria inamruhusu askari wa wanyamapori kumpiga risasi mbwa anayefukuza kulungu. Kwa hiyo wafugaji hutumia kola yenye mshtuko wa umeme kumkataza. Kanuni yake ni moja: usibonyeze kabla hujaona kwa macho anachofukuza, au alama za kwato kwenye theluji zenye nyayo za mbwa juu yake. Ukibonyeza kwa kukisia, na kumbe alikuwa juu ya paka, umemfundisha kwamba harufu ya paka inauma. Kosa hilo huchukua msimu mzima kulirekebisha, na kuna mbwa ambao hawarudi tena katika hali ya kwanza.

Mwili nao hutayarishwa. Kuanzia Agosti au Septemba mbwa hukimbizwa kando ya gari dogo la magurudumu manne kwenye barabara za changarawe, mara tatu kwa wiki, kilomita chache mwanzoni kisha hadi 10 au 15, ili nyayo zikomae. Chakula cha msimu huwa na protini asilimia 30 hivi na mafuta asilimia 20. Mlo mkubwa hutolewa jioni. Asubuhi ya kazi mbwa hapewi chakula kingi, maana tumbo lililojaa likichanganyika na mbio huongeza hatari ya tumbo kuvimba na kujipinda, na hilo huua ndani ya saa chache.

Mbio

Mbwa mmoja au wawili wazoefu huongozwa kwa kamba hadi kwenye unyayo, wakaelekezwa upande paka alioelekea, ndipo wafunguliwe. Jambo la kuelekeza linaonekana dogo, lakini mbwa akianza kinyumenyume msasi anaweza kupoteza nusu saa kabla hajagundua. Ukivuta macho chini utaona theluji imesukumwa nyuma ya unyayo na vidole vimeburuta mbele kidogo. Huko ndiko alikokwenda.

Mwanzoni sauti huwa za mbali mbali, ndefu, moja moja. Paka akikurupushwa zinabadilika ghafla, zinakuwa fupi na za kufululiza, na mbwa wengine huachiliwa hapo. Bobukati hana pumzi ya kukimbia mbali kama koyoti. Huchomoka mita mia kadhaa, kisha huanza ujanja: mizunguko ndani ya kichaka hicho hicho, kukanyaga nyayo zake mwenyewe, kutembea juu ya gogo na kuruka pembeni, kupita katikati ya kulungu waliolala, au kutokea barabarani na kutembea juu ya lami iliyosafishwa theluji, ambako harufu hukatika kabisa. Mbio zinaweza kuisha kwa dakika kumi au kuendelea hadi giza.

Kelele zikikatika, kazi ya kwanza ya msasi ni kutofanya kitu. Wape mbwa dakika kumi au kumi na tano wazunguke wenyewe. Anayevamia haraka hukanyaga ushahidi, na mbwa wanainua vichwa kumtazama yeye. Wakishindwa, tafuta unyayo wa mwisho ulio wazi, zunguka umbali wa mita 50, kisha 100, mpaka uone alipotokea. Usiwaite mbwa kuwapeleka unakodhani kaenda. Mara nyingi paka hakwenda popote. Amejibanza chini ya mizizi katikati ya mzunguko.

Milima ya Idaho, Utah na Nevada ina tatizo lake. Miteremko inayotazama kusini hupigwa na jua na theluji yake huyeyuka ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mstari uliokuwa safi unaishia kwenye mawe matupu. Wazoefu hawang'ang'ani pale. Huvuka kwenda kutafuta unyayo kwenye mteremko wa kaskazini unaofuata, ambako theluji imebaki. Huko pia paka wengi huishia kwenye mashimo ya mawe badala ya mtini, na akishaingia kwenye ufa wa mwamba kazi imekwisha. Mbwa huitwa, basi.

Siku hizi kila mbwa huvaa kola ya GPS. Chombo cha mkononi huonyesha alipo, mwendo wake, na hata kama amesimama chini ya mti. Watengenezaji hutaja umbali wa kilomita 14 hivi, lakini huo ni wa nchi tambarare isiyo na kizuizi. Kwenye kinamasi chenye miti minene au nyuma ya mlima hesabu kilomita chache tu. Betri hupungua nguvu kwenye baridi kali, kwa hiyo kola huchajiwa usiku ule ule, na antena iliyotafunwa na mbwa mwenzake hubadilishwa kabla ya safari. Kola haijamfanya mbwa mbaya kuwa mzuri, ila imepunguza sana usiku wa kuzunguka msituni ukipiga honi.

Yanayowadhuru mbwa

Wisconsin ina mbwa mwitu wakubwa wa kijivu, na huwaona mbwa wa msasi kama wavamizi wa eneo lao. Jimbo hulipa fidia isiyozidi dola 2,500 kwa mbwa wa kuwinda aliyeuawa na mbwa mwitu, na idara yake ya maliasili hutangaza maeneo yenye matukio hayo. Msasi makini huangalia tangazo hilo, na akikuta nyayo za mbwa mwitu ndani ya kitalu alichokizunguka, huhama.

Mitego ni hatari nyingine, kwa kuwa msimu wa kutega na wa kusaka hupishana. Beba mkasi wa kukata waya kwa ajili ya vitanzi, na kamba ya urefu wa mita moja na nusu hivi kwa ajili ya mitego ya kubana mwili: pitisha kamba kwenye macho ya springi, kanyaga ncha moja, vuta nyingine mpaka springi ijikunje. Fanya mazoezi nyumbani kwa mtego mtupu, sababu mbwa aliyebanwa shingo ana dakika chache tu.

Nungunungu wa Amerika hupanda miti, na mbwa mchanga humdhania paka. Miba yake ina vijino vidogo sana vinavyoifanya izame ndani kila msuli unapocheza. Usiikate. Shika kila mwiba kwa koleo karibu na ngozi na uuvute kwa mstari ulionyooka. Iliyo kinywani na karibu na jicho ni ya daktari wa mifugo.

Barafu ya Desemba juu ya mabwawa yanayojengwa na biva, mnyama wa majini wa jamii ya panya, hudanganya, hasa penye maji yanayotiririka. Mbwa aliyelowa katika nyuzi 10 chini ya sifuri atatetemeka kwanza; akiacha kutetemeka huku anayumba, hali imeharibika. Mkaushe, mfunge blanketi, mtie kwenye gari lenye joto la wastani.

Chini ya mti, na baada yake

Paka akiwa juu, mbwa hufungwa kwanza, mita 15 au zaidi kutoka kwenye shina. Paka aliyejeruhiwa akiangukia katikati ya mbwa walio huru, watachanwa macho na masikio. Hapo ndipo msasi anatazama mkia, ukubwa, na kama kuna mtoto tawi la jirani. Wengi hupiga picha na kuondoka na mbwa wao. Kwao kazi ilikuwa ya mbwa. Watetezi wa uwindaji huu husema unampa mtu nafasi ya kuchagua kuliko mtego. Ni kweli kwa kiasi. Jinsia ya bobukati aliyejikunja tawini ni ngumu kuiona, na "kuchagua" mara nyingi humaanisha kuchagua ukubwa tu. Wapinzani nao husema mbio zenyewe ni mateso hata kama risasi haipigwi, na kwa paka aliyekimbizwa kwenye theluji ya kina hoja hiyo ina uzito.

Majimbo yamegawanyika vivyo hivyo. Jimbo la Washington lilipiga marufuku kumsaka bobukati kwa mbwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996. California ilipitisha katazo la mbwa mwaka 2012, kisha ikafunga uwindaji wa mnyama huyo kwa ujumla kwa sheria ya mwaka 2019. Colorado, mwaka 2024, wananchi walikataa pendekezo la kuharamisha uwindaji wa bobukati, linksi na simba wa milimani. Wisconsin inaruhusu, lakini kibali hutolewa kwa bahati nasibu, paka mmoja kwa kibali, na watu husubiri miaka kukipata. Mipaka ya mashamba ya watu binafsi ni kero ya kila jimbo: mbwa hasomi bango, na mwenye shamba ana haki ya kukasirika.

Akipigwa, hutumiwa bunduki ndogo ya .22 ili tundu kwenye ngozi liwe dogo. Ngozi nzuri ni ya Desemba na Januari, manyoya yakiwa yamejaa. Wanunuzi hutazama tumbo: jeupe lenye madoa meusi yaliyo wazi ndilo la bei, na ndiyo sababu ngozi za magharibi, Nevada na Montana, zimekuwa zikizidi sana zile za mashariki. Ngozi haiuzwi nje ya nchi bila lebo ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa kuwa jamii nzima ya paka iliorodheshwa chini ya mkataba huo mwaka 1977, mondo na simbamangu wakiwemo. Bobukati amebaki kwenye Kiambatisho cha II hasa kwa sababu ngozi yake hufanana na ya linksi walio adimu. Marekani iliomba aondolewe na mwaka 2007 ombi likakataliwa.

Majimbo kadhaa humtaka msasi awasilishe taya la chini au jino. Jino hilo hukatwa vipande vyembamba maabara na kuhesabiwa miduara ya kila mwaka kwenye mzizi, na umri wa paka waliouawa ndio unaowaambia wanabiolojia kama vibali vya msimu ujao viongezwe au vipunguzwe. Taya huharibika likikaushwa karibu na jiko, na jino lililopasuka halisomeki. Liweke kwenye friza, kwenye bahasha ya karatasi yenye tarehe na mahali, hadi siku ya kulipeleka.